Mapipa Yenye Mstari wa Kijani

Siku bunduki ziliponyamaza Goma, mabomba ya maji yalikuwa yamekwisha kunyamaza. Umeme wa kusukuma pampu ulikatika wakati wa mapigano, na yeyote aliyetaka kunywa, kupika au kuosha maiti wake ilimbidi ateremke ziwani. Ndiyo maana asubuhi ile ya Februari ufuko wa Kituku ulijaa kuliko soko lake. Walikuwapo akina mama wenye bidoni za njano, yale madumu ya maji, mgongoni, wazee, watoto, na vijana wa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedali wala injini.

Katikati ya msongamano huo, juu ya jiwe jeusi la volkeno, alisimama msichana aitwaye Nshobole. Kikwembe chake, kitenge cha maua ya manjano, alikuwa amekipandisha juu ya buti za mpira, nywele kazifunga kwa kitambaa cheupe, na glavu zilimfika kiwiko. Mkononi alishika bomba la sindano lisilo na sindano. Kila bidoni iliyopita mbele yake aliitilia klorini kidogo, dawa ya kuua vijidudu vya kipindupindu, kisha akaita inayofuata. Alikuwa mhudumu wa usafi katika kituo cha afya cha mtaa, ambako wagonjwa walilazwa chini ya bâche, yaani turubai, ana miaka ishirini na sita, na tangu alfajiri hakuwa ameketi.

Zamu ya Paulin ilipofika, aliziba mdomo wa bidoni yake ya kwanza kwa kiganja.

"Ya kwangu usitie."

"Juu ya nini?"

"Mama yangu anasema chai inanuka sawa hôpital."

"Umwambie mama yako hôpital yenyewe inanuka mubaya zaidi. Fungua."

"Dada, niko na bidoni kumi na mbili. Utaniharibia zote?"

"Na miye niko na bagonjwa makumi tano chini ya bâche. Fungua zote kumi na mbili, kaka, batu banangojea."

Foleni ikacheka, na wiki zile watu wa Goma walikuwa wamesahau kucheka. Paulin akafungua. Alikuwa kijana mrefu, shati lake la kaki limepauka mabegani kwa jua na kazi, rozari ya mbao ikining'inia shingoni. Alimtazama msichana yule akipima dawa kwa jicho moja, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, na moyo wake ukamwambia mambo ambayo hakuwa ameyapangia siku hiyo.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa ungojee nusu saa mbele ya kunywa."

"Na mutu akitaka kujua jina yako, anangojea wakati gani?"

"Nusu saa vilevile."

Alitania. Lakini Paulin alisukuma chukudu pembeni, akaketi juu ya bidoni zake juani, akangoja. Nusu saa ilipokwisha, Nshobole alisema bila kugeuka, "Nshobole. Mutu ya Bukavu."

"Paulin. Niko wa Katindo, lakini kwetu ni Butembo."

"Nilijua. Batu ya Butembo, Banande, njo banawezaka kungojea hivi juu ya biashara."

"Hii haiko biashara, Nshobole," akasema, na wala hakucheka.

Mapenzi yao yakakulia kwenye simu, kwa sababu saa kumi na mbili jioni kila mlango wa Goma ulikuwa umekwisha kufungwa. Mtandao uliporudi, Paulin alipiga kabla ya giza. Usiporudi, alisubiri asubuhi akashuka ziwani na chukudu, hata kama kwao bidoni zilikuwa bado zimejaa.

"Docta ya bidoni, umekula?"

"Nimekula maharagi."

"Ya nani?"

"Ya soko, ni ya nani ingine?"

"Kesho utakula ya kwangu. Iko ya Lubero, inaivaka mbio. Sitaki mutu yangu akonde."

"Mutu yako? Nani alikupatia?"

"Nilingojea nusu saa nzima mu jua! Wengine bananunua shamba kwa muda kidogo kuliko ile."

Nshobole alicheka hadi baba yake, mzee Cirimwami, akakohoa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Baada ya kucheka aliongea mambo mengine, kwa sauti ya chini. Aliongea juu ya siku ile ya uporaji, pillage kama walivyoiita, mapigano yalipokuwa yakiisha, alipofika kazini akakuta bohari la kituo limevunjwa. Godoro za wagonjwa zilikuwa zimebebwa, serumu, yale maji ya mshipani, zimebebwa, hata mlango. Na mapipa manne ya klorini yalikuwa yamekwenda.

"Niliyapigaka rangi miye mwenyewe, Paulin. Mustari ya kijani juu ya kifuniko. Siku ine nzima tulikaa bila klore, batu banakunywa ziwa vile iko. Nabintu, ule mama anauzishaka sambaza, ile dagaa ya ziwa, pale Kituku, mutoto yake alikufa mu ile siku ine. Nilimushika mukononi."

"Pole, mupenzi."

"Meli ilileta ingine mapipa tatu kutoka Bukavu. Ikiisha, sijui. Airport imefungwa, barabara imekatwa. Nikiona mutu anaingia na bidoni tupu, naogopa."

Paulin akabaki kwenye simu hadi salio likamwishia.

Mama yake Paulin ndiye aliyekuwa mkubwa wa shirika lao pale Katindo, zile familia ishirini za Kikatoliki zinazokutana kila wiki kusali nyumba kwa nyumba. Watu walimwita Mama Wivine, kwa jina la binti yake mkubwa aliyeolewa Beni. Alikuwa mjane, mwenye sauti nzito, na alitengeneza sabuni ya kufulia kwa mafuta ya mawese kama alivyofundishwa Butembo. Baada ya uporaji, yeye ndiye aliyesimama mbele ya shirika na kusema, "Kama uko na kitu ya batu mu nyumba yako, ubebe ku parokia, uache ku ukuta. Hakuna mutu atakuuliza jina." Na watu walileta kweli. Ukutani pa parokia yalionekana magodoro, dawati, kiti cha magurudumu cha mlemavu. Nshobole alipohadithiwa hayo alimpenda mama huyo kabla ya kumwona, na Paulin alipomwambia, "Dimanche ukuye, mama anataka kukuona," alishinda Jumamosi nzima akichagua nguo.

Alichagua kikwembe cha buluu chenye duara nyeupe, blauzi ya mikono mifupi, hereni ndogo za dhahabu alizoachiwa na marehemu mama yake. Mama Wivine alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Kwenye mkono wa kulia, kuanzia kidole gumba hadi kwenye kifundo, palikuwa na kovu bichi la kuungua, la waridi.

"Ni mafuta ya sabuni ilinichoma, binti yangu. Ikala ku kiti. Paulin anasema unakulaka kidogo."

"Paulin anasema bongo mingi, mama, nakulaka sana."

Wakala bugali, sombe, yaani kisamvu, na samaki. Mama alimuuliza habari za Bukavu, za baba yake, za kazi. Nshobole akajibu kwamba kazi ni ngumu, klorini iliyobaki ni ya siku mbili tu, na meli nyingine haijulikani. Hapo Mama Wivine aliacha kutafuna. Alishika kikombe chake cha chai, akakiweka chini bila kunywa. Nshobole alidhani ni huruma.

Baada ya kula alikusanya sahani, kama binti anayejua adabu, akazipeleka uani. Sabuni ya kuoshea haikuonekana, naye akasukuma mlango wa kibanda cha mbao alichodhani ndicho cha sabuni. Ndicho hasa. Nyuma ya mafuta ya mawese, chini ya magunia ya makaa, aliona kifuniko chenye mstari wa kijani. Akaondoa magunia. Mapipa yalikuwa manne. Mkono uliopaka rangi ile ulikuwa wake, hata pale ilipochuruzika aliikumbuka.

Aliita jina la Paulin mara moja tu, na namna alivyoita ilimfanya kijana akimbie.

"Ni nini hii?"

Paulin aliangalia. Mapipa yale aliyajua. Mama alimwambia ni soude, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni, aliyonunua kabla ya vita. Hakuwahi kuyafungua wala kuyachunguza. Sasa aliona mstari, akakumbuka alichohadithiwa kwenye simu, akakumbuka moshi uliotoka uani siku ile ya mwisho wa Januari na mama akitoka anashika mkono wake. Mambo yote yakamjia kwa pamoja. Akageuza kichwa. Mama Wivine alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameuficha mkono wenye kovu nyuma ya mgongo.

Kuna watu watamlaumu kwa alichofanya. Mimi siwezi. Mtoto aliyelelewa na mjane anajua kitu kimoja kabla hajajua kusoma, kwamba mama yake haaibishwi mbele ya mgeni.

"Ni miye," akasema. "Nilinunua kwa batu ya pillage."

"Weye?"

"Miye."

"Wakati nilikuambia juu ya mutoto ya Nabintu, ulikuwa unalala pembeni ya hii mapipa?"

Paulin aliinamisha kichwa. Nshobole alivua hereni zake, sijui kwa nini, pengine aliona hazifai tena kuvaliwa katika nyumba ile, akazifunga katika ncha ya kikwembe na kutoka. Hakumuaga hata mama.

Jioni simu ililia mara tisa. Mara ya kumi akaipokea.

"Nshobole, nisikilize. Kesho mapema, giza ikiwa bado, nitafikisha zote ku kituo."

"Mu giza? Apana. Muliziiba mu mwangaza, uzirudishe mu mwangaza. Upite barabara kubwa saa tatu, batu yote bakuone."

"Nshobole, unajua vile batu bako na hasira siku hizi."

"Na miye niko na hasira. Ao unaogopa haya?"

"Saa tatu," akasema Paulin. "Aksanti juu umepokea."

Jumatatu saa tatu, Paulin alifunga mapipa manne juu ya chukudu kwa kamba za mpira, akavaa lile shati lake la kaki, akaingia barabarani. Hakuyafunika. Alishuka kutoka Katindo akisukuma pole pole, kwa kuwa mzigo ulipita kilo mia na hamsini na lami ilikuwa imechimbwa na mabomu. Karibu na Kituku barabara ilijaa watu wa bidoni. Mmoja wao, aliyewahi kubeba mizigo ya kituo cha afya, akaujua mstari wa kijani.

"Hizo ni za kituo! Ule kijana njo mwizi!"

Haikuchukua muda. Kila mtu pale alikuwa amezika mtu au amemuuguza, na hasira zote zile zilikuwa hazijapata pa kwenda. Mtu mmoja alimvuta shati, mwingine akaokota jiwe, na Goma mawe hayatafutwi. La kwanza lilimpata begani. La pili lilimpasua juu ya jicho, akaanguka huku amekumbatia gurudumu la chukudu ili mapipa yasipinduke.

Nshobole alikuwa juu ya jiwe lake ufukoni aliposikia kelele. Alijua mara moja. Alitupa bomba la dawa akapanda kilima cha kwenda sokoni na buti zake za mpira, akianguka na kuinuka, akipiga kelele, "Mumuache! Ni miye nilimutuma! Ni miye nilimuambia apite hapa!" Lakini sauti yake ilizama katika sauti za watu.

Iliyosikika ni nyingine. Mama Wivine alikuwa amemfuata mwanawe kwa mbali tangu Katindo, akisali, akijiambia kwamba Mungu atamfikisha. Alipoona damu, alipenya katikati ya wanaume kwa viwiko, akasimama juu ya Paulin.

"Ni miye!" alisema kwa sauti ile iliyozoea kuongoza sala. "Munaniangalia? Ni miye Mama Wivine, mukubwa wa shirika. Mutoto yangu hakujua kitu. Nilinunua hii mapipa kwa bale bapillards, nilifikiri ni soude ya sabuni. Nilipoitia mu mafuta, ikawaka, ikanichoma. Ona mukono. Pale njo nilijua ni dawa ya batu, na ni ya wizi. Nilikuwa nimekwisha kusimama mbele yenu, nikiwaambia murudishe. Nikapata haya. Nikafunika na magunia. Nikanyamaza."

Mwenye jiwe mkononi alibaki nalo. Nyuma ya umati, mwanamke mfupi mwenye sinia la sambaza kichwani alikuwa anasogea mbele, na watu walimpisha kwa sababu walimjua. Alikuwa Nabintu.

"Ulinunua siku gani, mama?"

"Siku ya pili kisha pillage."

"Mutoto yangu alikunywa maji ya ziwa siku ya tatu."

Mama Wivine alipiga magoti kwenye lami. Hakuomba msamaha, nadhani aliona neno lenyewe ni dogo mno. Nabintu alimtazama, sinia halikutikisika kichwani. Kisha akaangalia kule chini, foleni ya bidoni za njano iliyofika hadi majini.

"Simamisha mutoto yako," akasema, kisha akamgeukia mwenye jiwe. "Na weye, weka ile jiwe chini. Musukume chukudu. Kule kuna batoto bako na kiu."

Hakumshika mama yule mkono. Alirudi kwenye soko lake. Wanaume walewale waliorusha mawe wakainua chukudu, wanne kila upande, na mapipa yakashuka hadi ufukoni.

Nshobole ndiye aliyemsafisha Paulin jeraha, chini ya bâche ya kituo.

"Ulinidanganya," alisema.

"Nilikudanganya."

"Ungeniambia ukweli, singekutuma pale barabarani. Ungekufa, Paulin, na ni miye ningekuua."

"Alikuwa anasimama mu mulango, Nshobole. Ananiangalia. Ni mama yangu. Ningesema nini?"

"Sijui." Alibandika pamba. "Sijui ungesema nini. Njo maana niko na hasira mpaka sasa."

"Nitangojea ipite."

"Sikusema ungojee. Nimesema nyamaza nikufunge."

Alimfunga, na alipomaliza aliweka paji lake la uso kwenye bega la kijana lile ambalo halikupigwa, akalia. Alilia kwa ajili ya mtoto wa Nabintu na kwa ajili yake mwenyewe, na kwa sababu alimpenda mwongo huyu kuliko alivyowahi kumpenda mkweli yeyote. Paulin hakuthubutu hata kupumua sana.

Mama Wivine aliacha ukubwa wa shirika wiki hiyohiyo. Wengine walimsihi abaki, wengine waliacha kumsalimu. Kila Ijumaa alishuka ufukoni kumsaidia Nshobole kufungua vifuniko vya bidoni, bila kuzungumza sana. Nabintu alimwona pale kila mara, na hakuwahi kumsalimu, wala hakuwahi kumfukuza.

Mwezi wa Agosti, ujumbe wa akina Paulin ulikwenda nyumbani kwa mzee Cirimwami kujionyesha, siku ile ambayo familia ya kijana hujitambulisha rasmi kwa familia ya msichana. Walileta kreti za bia na za Fanta. Uani palipangwa viti thelathini, watu wa Bukavu upande huu, watu wa Butembo upande ule. Nshobole alifichwa ndani na mashangazi zake, katika libaya, blauzi ya kitenge ya kijani iliyombana kiunoni, akichungulia kwenye ufa wa mbao.

Msemaji wa akina Paulin, mjomba wake Damien, alisimama na kofia mkononi. Kazi ya msemaji inajulikana, ni kusifu ukoo wake mpaka wenyeji wachoke. Alikuwa ameanza na mashamba ya Lubero wakati Mama Wivine alipomgusa koti na kuinuka yeye mwenyewe.

"Munisamehe, bazee. Mbele ya kusikia muzuri wetu, musikie mubaya wetu. Musiambiwe ku njia." Na akawasimulia yote, mapipa, mkono, magunia, mtoto wa Nabintu. Hakupunguza kitu. "Kama mutakataa kinywaji yetu, tutabeba kreti zetu na hatutakasirika."

Mashangazi walishikana mikono. Desturi haina jibu kwa maneno kama hayo, na macho yote yalimgeukia mzee Cirimwami.

Mzee, karani mstaafu, mtu wa tai na viatu vilivyopigwa rangi hata wakati wa vita, aliangalia kiti chake. Kisha akainuka, akakipindua kiti alichokuwa amekalia, akakionyesha. Chini ya ubao kulikuwa na herufi mbili zilizokwanguliwa kwa kisu, bado zinasomeka: E.P., école primaire, shule ya msingi.

"Zote thelathini," akasema. "Nilinunua ku soko ya Birere siku ya Mercredi, Jumatano ile, juu ya hii fête ya leo. Bei ilikuwa ndogo. Sikuuliza juu ya nini ni ndogo. Nilijua ni ya pillage, mama. Miye najua kusoma."

Hakuna aliyecheka. Mmoja mmoja, bila kuambiwa, watu wa Bukavu wakasimama, kisha wa Butembo. Bibi mmoja mzee akashikwa kwapani na wajukuu, akasimama naye. Wakasimama wote uani juani, viti vitupu katikati yao.

"Kesho zitarudi," alisema mzee. "Damien, uendelee. Tutakusikia hivi hivi."

Damien akaendelea, lakini mashamba ya Lubero aliyaruka. Alipomaliza, Nshobole aliitwa nje. Baba yake alimkabidhi glasi ya kwanza iliyomiminwa na wageni, kama inavyopasa, na kumuuliza swali ambalo kila baba huuliza siku hiyo.

"Binti, hii batu unabajua? Nikikunywa kinywaji yabo, hautanipatisha haya?"

Nshobole alimwangalia Paulin, kovu juu ya jicho. Akamwangalia Mama Wivine, aliyekuwa ameinamisha uso. Akamwangalia baba yake mwenyewe, aliyesimama kando ya kiti kilichopinduliwa, tai ikimkaba.

"Nabajua, papa," akasema, akimrudishia glasi. "Ata mubaya yabo naijua. Kunywa."

Mzee Cirimwami akanywa.